Gari la Rangi Mbili

Ukifika kwenye geti la hospitali yetu, upande wa kushoto pana kibanda cha bati, na mbele ya kibanda pamechorwa mistari ya chokaa chini. Hizo ni nafasi za teksi, kumi na mbili tu, haziongezeki. Nafasi ya tatu kutoka getini ni ya mwanangu. Nasema mwanangu, lakini kwa damu ni mtoto wa marehemu kaka yangu, mimi ni baba yake mdogo. Amenitunza kuliko wengine wanavyotunzwa na waliowazaa, kwa hiyo neno hilo naona linatosha.

Kituoni wanamwita Bi Gia. Walimwita hivyo siku ya kwanza, kwa kumcheka, kwa sababu alikuja na gari la gia za mkono na alizibadilisha kwa kishindo kama mtu anayekatakata vitunguu. Na vitunguu alivikata kweli. Alipika chakula cha wanafunzi miaka kumi na mmoja, shule ya bweni, masufuria ya kuingia mtu mzima na viatu vyake. Shule ilikuwa na pikapu ya kuchukulia mboga, na pikapu ilikuwa na dereva aliyeugua kila Jumatatu. Jumatatu moja Bi Gia alivua aproni, akachukua funguo, akasema, "Watoto hawali ugonjwa wake." Akaenda sokoni kwa gia ya kwanza, akarudi kwa gia ya kwanza. Ndivyo alivyojifunza.

Mimi ni mtu wa kutembea. Tangu nilipostaafu ulinzi wa ghala miguu yangu haikubali kukaa, na shule niliishia darasa la nne, basi anayenisoma anivumilie nikipinda njia. Huwa narudi.

Nilikuwa nazungumzia nafasi ya tatu. Aliisubiri miaka minne. Miaka yote hiyo aliegesha ng'ambo ya barabara, kando ya mtaro, akichukua abiria waliokataliwa na wale kumi na wawili: mwenye gunia linalovuja, mgonjwa anayetapika, bibi asiyejua anakokwenda. Mzee mmoja wa nafasi ya tatu alipoacha kazi, mwenyekiti wa kituo hakuwa na namna, akampa. Kwa hiyo ninaposema nafasi, usidhani nasema mstari wa chokaa. Ada ya chuo cha uuguzi ya binti yake ilitoka kwenye mstari ule, kodi ya vyumba vyetu viwili pia, na dawa zangu za presha.

Sasa, siku ya ajali. Mchana kweupe. Bi Gia yumo ndani ya gari lake, limesimama, anakunja risiti. Lori la mchanga likarudi nyuma bila mtu wa kulielekeza. Alipiga honi mpaka honi ikakauka. Boneti ilikunjika kama mkeka, fenda ya kushoto, lile bati la juu ya tairi, ikaingia ndani, taa ya upande huo ikamwagika chini, maji ya rejeta yakatiririka hadi mlangoni kwa mwuza magazeti. Dereva wa lori akashuka, akatazama, akasema, "Pole, mama," akapanda, akaondoka. Namba zake zilikuwa zimejaa tope. Bima ya Bi Gia ilikuwa ile ndogo, inayomlipa uliyemgonga, siyo inayokulipa wewe uliyegongwa.

Yeye hakuumia, ila kidevu kidogo. Jioni ile ile mwenyekiti alichukua chaki akaandika tarehe kwenye ubao wa kibanda. Sheria ya kituo inasema nafasi ikikaa tupu siku thelathini inapewa mwingine, na gari likirudi sharti likaguliwe kwanza.

"Mwenyekiti, damu haijakauka kidevuni, wewe ushaanza kuhesabu?" Bi Gia alimwuliza.

"Dada yangu, mimi sihesabu. Kalenda ndiyo inayohesabu."

Wote tulijua shemeji yake mwenyekiti alikuwa amenunua gari jeupe wiki mbili nyuma na hakuwa na pa kuliweka.

Asubuhi kaka yake Bi Gia akaja. Ana duka la mabati na misumari, na kila kitu hukitazama kama anakipima kwenye mizani.

"Uza," alisema kabla hajakaa. "Nakupa laki tano leo."

"Kaka, hujanywa hata maji."

"Maji hayanyooshi gari."

"Na wewe hulinyooshi. Kama limekufa, unalinunua la nini?"

Akakohoa. "Injini."

"Kumbe halijafa."

Mimi nilikuwa pembeni na kikombe changu. Kaka mtu akanigeukia. "Baba mdogo, mwambie. Gari la miaka kumi na minne! Atatia pesa humo mpaka auze vitanda."

Nikasema mimi sijawahi kuwa na gari, sijui. Na kweli sijui. Ila nilimtazama Bi Gia nikaona ameshachana ukurasa wa kalenda ya mwaka jana, ameugeuza upande mweupe, na anapiga mistari kwa ubavu wa mwiko. Nikajua mazungumzo yameisha.

Alikuwa na laki tisa. Zilitoka kwenye kibubu, kwenye mchango wa kupokezana wa madereva, na kwenye cherehani aliyokuwa ameiuza alfajiri ile, kabla kaka yake hajafika. Akaandika kwa herufi kubwa, akisoma kwa sauti ili kaka yake asikie. Kukokota gari mpaka gereji, elfu thelathini. Kunyoosha mbele yote, kazi ya fundi, laki mbili na themanini. Fenda iliyotumika, tisini. Taa iliyotumika, sabini. Rejeta, themanini na tano. Bampa halinunuliwi, linaungwa, ishirini na tano. Rangi na kuipuliza, laki na themanini. Halafu akapiga mstari mzito, akaandika chini yake: UREMBO. Vitambaa vipya vya viti, themanini. Vikombe vya rimu, arobaini. Ikabaki elfu ishirini, akaiandikia: Balaa.

Kaka yake alishika kichwa. "Urembo laki na ishirini! Gari liko mahututi, wewe unalinunulia hereni!"

"Siku ya kurudi watanitazama kama mtu aliyefufuka," Bi Gia alisema. "Sirudi na sanda."

Fundi wa bodi anaitwa Nyundo. Gereji yake ni uwanja wenye mafuta meusi chini na magari yasiyo na milango, na yeye mwenyewe ana masikio mazito kwa sababu ya kazi, kwa hiyo mnaongea kwa kupiga kelele hata siri. Alilizunguka gari mara mbili, akagonga huku na huku kwa kifundo cha kidole.

"Nina njia mbili!" alisema. "Ya kwanza, navuta bati nusu, nusu iliyobaki najaza puti." Puti ni ule uji mzito wa kuzibia mabonde ya bati, ukikauka unasuguliwa unakuwa laini kama yai. "Utaokoa laki nzima! Hakuna jicho litakalojua!"

"Na ya pili?"

"Ya pili nagonga bati mpaka lirudi lilivyozaliwa. Puti nyembamba tu, kama poda. Lakini hiyo ni mikono, mama. Mikono inakula."

Mimi moyoni nilisema achukue ya kwanza. Laki nzima! Bi Gia akasema, "Nilipokuwa napika, kuna waliojaza sufuria maji ili mchuzi uonekane mwingi. Watoto waligundua siku ya pili. Gonga bati."

"Wateja wote wanachagua puti!"

"Mimi si wote."

Akagonga. Siku ya tisa, alipofungua fenda, akakuta nguzo inayoshikilia mlango wa kushoto imepinda pia. Elfu sitini zaidi. Bi Gia akatoa ukurasa wake kwenye pochi, akaukunjua juu ya tairi. Balaa ikaliwa yote, ishirini. Kwa arobaini iliyobaki akamwambia Nyundo, "Kusugua msasa unamlipa nani?"

"Nina mtu wangu!"

"Mtu wako apumzike. Nasugua mwenyewe, unanipunguzia arobaini."

Nyundo alicheka mpaka akakaa. Lakini akakubali, na hakucheka tena, kwa sababu Bi Gia alisugua siku nane. Msasa wa maji, ndoo pembeni, mkono unakwenda na kurudi. Ngozi ya vidole ilitoka. Alivifunga kwa utepe akaendelea. Nami nilisugua kidogo, kile kipande cha chini ambapo mtu akikosea haonekani. Wapita njia walisimama kumtazama. Mmoja akauliza, "Mama, hapo unaosha au unafuta?" Akamjibu, "Nafuta maneno ya watu."

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na ningependa nisiingie.

Siku ya ishirini na nne Nyundo alihitaji rangi. Gari lilikuwa la bluu, na duka la rangi linataka sampuli ili lichanganye inayofanana. Nyundo akafungua skrubu mbili, akanipa kile kifuniko cha nje cha tangi la mafuta, kwa kuwa ndicho kidogo cha kubeba. "Mzee, wewe unatembea kila siku, leo tembea na hiki!"

Nikafurahi. Mtu wa umri wangu akipewa kazi hufurahi. Njiani nikapita kwenye bomba nikakiosha. Upande wa nje haukutakata, ulikuwa na weupe weupe kama chaki, nikausugua ukakataa. Upande wa ndani ukang'aa kama sahani ya wageni. Dukani mchanganya rangi akakigeuza mkononi, akaniuliza, "Tufuate upande upi, babu?"

Nikamwambia, "Fuata huu safi."

Msomaji mwenye gari ameshashika kinywa. Mimi sikujua. Upande wa ndani haujawahi kuona jua. Ile ni bluu ya siku gari lilipotoka kiwandani. Upande wa nje ndio gari lenyewe, lililokaa juani miaka kumi na minne.

Nyundo hupulizia ndani ya banda lenye taa moja, na mle kila bluu ni bluu. Alipuliza boneti, fenda mbili, bampa na mlango wa kushoto. Siku ya ishirini na saba asubuhi tukalisukuma nje. Jua likalipiga. Mbele palikuwa bluu ya wino, na kuanzia mlango wa nyuma kwenda mkiani palikuwa kama shati la kazi lililofuliwa sana. Hata Nyundo alinong'ona, jambo ambalo sijalisikia kabla wala baada.

"Mzee, ulipeleka upande upi?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, bomba na sahani ya wageni. Nikamwambia mwanangu auze koti langu na redio yangu, ingawa redio yenyewe inakamata stesheni moja.

Bi Gia alipapasa mlango uliopakwa. Halafu akasema, "Baba mdogo, ulikisafisha. Mtu halaumiwi kwa kusafisha." Kisha kwa Nyundo, "Kupaka lote liwe sawa, kiasi gani?"

"Laki mbili na arobaini. Na siku nne."

Zilibaki siku tatu, na kwenye ukurasa ulibaki urembo tu, laki na ishirini.

Mchana kaka yake akafika. Sijui nani alimpigia simu, na kama nilikuwa mimi basi nilifanya kwa woga. Alilizunguka gari akiguna. "Nilisema. Sasa sikiliza, mimi si adui yako. Natoa hiyo laki na ishirini inayopungua, gari linakuwa letu sote, nusu kwa nusu. Siku nne si kitu, nitazungumza na mwenyekiti. Tumeshazungumza kidogo."

"Mmezungumza?"

"Kidogo tu."

"Mlipozungumza kidogo, nusu yangu mliiweka wapi?"

Bi Gia akatoa ukurasa, akavifuta vikombe vya rimu kwa mstari mmoja. Akamwuliza Nyundo rangi ya bluu iliyobaki kwenye kopo ni kiasi gani. Ilitosha mlango wa kulia na kipande cha mbele cha paa.

"Paka hivyo," alisema. "Halafu nataka mstari mweupe, mpana kama kiganja. Uanzie chini nyuma ya mlango wa mbele, upande kwa mshazari, uvuke paa, ushuke ng'ambo. Mbele ya mstari bluu mpya, nyuma bluu ya zamani. Kiasi gani?"

"Arobaini na tano, na utepe wa kuzibia ndani yake," Nyundo alisema. "Lakini, mama, watu watajua liligongwa!"

"Si liligongwa? Nimeiba?"

Zilizobaki sabini na tano alizipeleka kwa mshona viti, aliyetaka themanini, akakaa kwenye benchi lake hadi akakubali.

Siku ya thelathini asubuhi tuliingia kituoni. Mimi nilikaa kiti cha mbele, nimevaa koti langu ambalo halikuuzwa. Lile gari jeupe la shemeji lilikuwa tayari limeegeshwa kando ya nafasi ya tatu, tairi moja juu ya chokaa. Madereva walitoka wote kibandani.

"Jamani!" akapiga kelele yule wa nafasi ya saba, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. "Magari mawili yamegongana yakaoana!"

Wakacheka. Bi Gia akashuka, akacheka nao. "Na wewe hukualikwa harusini."

Mwenyekiti hakucheka. Alizunguka akiwa na mikono nyuma. "Dada yangu, hili siwezi kulipitisha. Kituo kina heshima yake. Gari la rangi mbili!"

"Sheria iko wapi?"

"Ipo."

"Nakuomba uisome."

Karatasi ya sheria imebandikwa mlangoni mwa kibanda, ndani ya plastiki. Mwenyekiti alisema hana miwani. Basi nikasogea nikaisoma mimi, polepole, kwa darasa langu la nne. Gari liwe zima. Bodi iwe imepakwa rangi, pasiwe na kutu wala bati wazi. Taa ziwake. Viti viwe safi. Nikashusha macho hadi chini kabisa ya karatasi kama pana neno jingine. Hapakuwa na neno.

"Rangi mbili ni zaidi ya moja," Bi Gia alisema. "Nimewazidishia."

Mwenyekiti akatia mkono mfukoni, akatoa sumaku, ile nyeusi ya mviringo inayotoka kwenye spika mbovu, ameifunga kwenye leso. Hiyo ndiyo silaha yake. Huipitisha juu ya bodi. Palipo na bati inanata, palipo na puti nyingi inaanguka, na gari la puti nyingi huliita si zima. Amewarudisha watu wengi kwa sumaku ile.

Akaiweka kwenye boneti. Ikanata. Akaisogeza kwenye fenda, pale palipoingia ndani kama bakuli. Ikanata. Akaiweka kwenye mlango, kwenye bati karibu na taa, akarudi kwenye fenda. Kila mahali ikanata, tak, tak, na kila ikinata Bi Gia alivitazama vidole vyake vyenye utepe. Nilikuwa nikiwaza ile laki nzima ya puti niliyotamani aiokoe, nikaona aibu ya peke yangu.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Niazime."

Akaichukua sumaku mkononi mwake kabla hajajibu, akaenda nafasi ya kwanza, lilipo gari la mwenyekiti mwenyewe, akaibandika kwenye mlango wa dereva. Sumaku ikateleza taratibu, kama mtu anayeshuka kitandani, ikaanguka kwenye vumbi.

Wa nafasi ya saba alilia kwa kucheka. Ilibidi ashikwe. Mwenyekiti aliokota sumaku yake, akaipangusa kwa leso, akaingia kibandani, akafuta tarehe ubaoni. Alipotoka alisema kwa sauti ya ofisi, "Linapita. Kwa muda. Kabla ya mwisho wa mwaka liwe rangi moja."

"Mwaka ukiisha tutaonana," Bi Gia alisema. "Sasa mwambie shemeji aondoe tairi kwenye chokaa yangu."

Gari jeupe likaondoka. Bi Gia akaingia nafasi ya tatu kwa kurudi nyuma, gia kwa kishindo, mara moja tu, bila kusahihisha.

Mwaka umekwisha, na mwingine umeanza. Gari ni la rangi mbili hadi leo. Wagonjwa wanaotoka getini husema, "Niitieni ile yenye mstari," na wa nafasi ya saba huumia. Juzi kaka yake alipita, maana tumepatana sasa, akamwuliza tena lini atalipaka rangi moja, kwa sababu linamwaibisha mbele ya wateja wake wa mabati.

"Mbele kukipauka kutafanana na nyuma," alimjibu. "Jua linanifanyia kazi hiyo bure. Wewe una haraka gani?"

Kile kifuniko cha tangi kilirudi mahali pake, ubavuni nyuma, kwenye bluu ya zamani. Lakini yeye alimwambia Nyundo akipulizie rangi ile mpya kabla ya kukifunga, hata nje. Kwa hiyo pale palipopauka pana mraba mmoja wa wino, mdogo kama kiganja, haufanani na kitu. Nilimwomba mara mbili aupake ufanane, nikasema natoa hela ya dawa za mwezi.

"Usiguse," aliniambia. "Hapo ndipo ulipotia sahihi yako, baba mdogo."